Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dodoma

Ndugu wanachama,

Namshukuru Mungu kwa kutukutanisha tena, na nawashukuru ninyi mliofika. Viti vitupu nitavisemea mbele.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Mafunzo ya uhariri wa kamusi elezo yetu yalifanyika mara mbili hapa mjini na mara moja Kondoa, ambako tulipiga pia picha za michoro ya miambani ya Kolo. Makala mpya 212, zilizorekebishwa 640, picha 85. Wanachama tupo 46, waliolipa ada 17, makusanyo shilingi 340,000, matumizi 415,000. Pengo la 75,000 nimeliziba mimi kwa fedha zangu. Stakabadhi zote anazo Mweka Hazina.

Sasa niingie kwenye lililozua maneno tangu Machi: mipaka ya jamii, yaani kundi la makala, ya Zama za Kati, kile kipindi cha historia kati ya zama za kale na zama mpya, katika kamusi elezo yetu.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kila mwandishi alikuwa na mwaka wake. Mmoja alianzia 476, Odoacer alipomwondoa madarakani Romulus Augustulus, Kaisari wa Roma ya Magharibi, akaishia 1453, Waosmani walipoiteka Konstantinopoli. Mwingine aliishia 1492 kwa safari ya Columbus, na wa tatu 1517, Martin Luther alipoanzisha matengenezo ya Kanisa. Makala ya Vasco da Gama, baharia wa Kireno, iliingizwa na kutolewa mara nne ndani ya wiki moja. Mwanafunzi anayetusoma angemwamini nani?

Niliitisha kikao. Akidi yetu ni watu 16, walifika 9. Aprili nikaitisha kingine, wakafika 7. Hapo nikaamua: Zama za Kati zitaanza mwaka 501 na kuisha 1500. Niliamua peke yangu, sikatai, lakini milango ilikuwa wazi mara mbili.

Sababu zangu ni hizi. Jamii zetu ndogo zimepangwa kwa karne. Ukianzia 476 unaipasua karne ya 5, na ukiishia 1453 au 1492 unaipasua karne ya 15, kisha kila makala ya karne hizo lazima igombaniwe upya. Kuanzia 501 hadi 1500 ni karne kumi kamili, ya 6 mpaka ya 15, na hakuna iliyokatwa. Isitoshe, miaka ile mingine ni ya matukio ya mahali pake. Mwaka 476 haukuwa mwanzo wa lolote Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, wala 1453 haukuwa mwisho wa lolote Kilwa. Mpaka wa karne haudai kwamba dola fulani ilianguka siku hiyo. Unamwambia msomaji kwamba waandishi wamekubaliana.

Ndugu yetu mmoja mwenyeji wa Lindi, ninayemheshimu kama kaka, aliandika kwamba nimeikata Kilwa shingo: mji alioutembelea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331 umo, lakini mji huohuo ukiporwa na Wareno mwaka 1505 umetupwa nje kwa miaka mitano tu. Nimelifikiria hili kuliko jambo lolote mwaka huu. Kaka, makala ya mji wenyewe imo, kwa kuwa ustawi wake ulikuwa ndani ya karne hizo. Kilichohamia karne ya 16 ni tukio la 1505, na huko limekaa na ndugu zake: uporaji wa Mombasa mwaka huohuo, na ujenzi wa Ngome ya Yesu ulioanza 1593. Anayefuatilia habari za Wareno anazikuta pamoja. Kinachobaki ng'ambo ya mpaka, ndani ya Zama za Kati, ni Vasco da Gama kufika Malindi mwaka 1498, na hapo nakiri panauma. Kwa watu, tunafuata miaka ya kazi zao, si ya kuzaliwa.

Wengine waliuliza: Zama za Kati, kati ya nini na nini? Swali ni la haki, kwa kuwa jina lilitoka Ulaya. Ndiyo maana sikuiingiza michoro ya Kolo wala historia ya Wagogo. Kwa upande wetu jina hilo nimeliweka penye tarehe inayoshikika tu, kama Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja, wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107.

Makala 318 nimezihamisha kwa mkono wangu, usiku, kwa bando langu, wiki tano mfululizo. Waliolalamika kwenye kundi la WhatsApp ni 12. Kati yao, waliofika kwenye kikao chochote ni wawili. Nasema hili kwa uchungu, si kwa kumsuta mtu. Kusema una haki nako, lakini ukumbi tunalipia na chai tunalipia, na wanachama 29 hawajatoa hata senti.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, kupata ofisi ya kudumu, kushirikiana na vyuo vya hapa Dodoma, na kuwavuta vijana zaidi. Kamati italiangalia.

Mipaka niliyoieleza ipo ajenda ya sita, ithibitishwe au ifutwe kwa kura. Nikiisoma taarifa hii tumesaini 14. Wapo wawili wamenipigia simu, wako njiani kutoka Area D. Wakifika kabla ya saa nane, tunapiga kura leo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti