Kabla ya kukata ugoko, mpige picha mguu mzima

Mhariri,

Wakulima wengi wa huku Mbeya wenye matege na goti lililosagika upande wa ndani wanaambiwa ugoko ukikatwa na kunyooshwa, maumivu yatapungua. Ni kweli, ila inategemea tege limetoka mfupa gani.

Uso wa juu wa ugoko, ukipimwa upande wa ndani, kwa kawaida hufanya pembe ya nyuzi 87 hivi na mhimili wa mfupa. Ikiwa chini ya 85, kasoro iko ugokoni, ukatwe huo. Lakini kama pembe ni ya kawaida na paja ndilo lililopinda, kukata ugoko kunanyoosha mguu kwa macho tu. Uso wa goti hulala mshazari na gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, husuguka kila hatua. Hapo hukatwa paja, pengine mifupa yote miwili.

Eksirei fupi ya goti, tena mgonjwa kalala, haionyeshi hayo. Inatakiwa ya nyonga hadi kifundo, amesimama, huku pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti, ikitazama mbele. Mguu ukigeuka, vipimo vinadanganya. Ya ubavuni nayo isisahaulike: kabari, yaani mwanya unaoachwa mfupa ukikatwa na kunyooshwa, ikifunguliwa mno mbele, mteremko wa uso wa juu wa ugoko kuelekea nyuma huongezeka, na kano ya msalaba ya mbele, inayozuia ugoko kuteleza mbele, hulemewa.

Sigara iachwe mapema. Huchelewesha mfupa kuunga.

Msomaji, Mbeya