Mdogo wangu, njumu zako bado ninazo

Mdogo wangu,

Simu hupokei. Ujumbe niliokutumia siku ya Idi una tiki mbili za bluu mpaka leo. Basi naandika hapa, maana najua huwa unapita kusoma.

Unaikumbuka ile Jumatano, Mei 9, 2007, kwenye kibanda cha mzee wa mkaa? Saa nne usiku. Manchester United walishatwaa ubingwa siku tatu nyuma, Chelsea wakawapangia gwaride pale Stamford Bridge, na kocha Ferguson akawapumzisha wengi. Kibanda kilikuwa nusu tupu. Wewe ulikaa mkekani, mbele kabisa, shingo juu, kwa ajili ya mtu mmoja: Dong Fangzhuo, mshambuliaji Mchina wa United, jezi namba 21. Watu walipoanza kumcheka uligeuka na hasira: "Mwacheni, mnajua huyu amesubiri miaka mingapi?" Mechi ikaisha 0-0 na hakufunga. Tulirudi kwa mguu, na ulipofika kwenye ule mtaro ukaniambia, "Kaka, na mimi nikiitwa, naenda."

Uliitwa kwenye majaribio mwaka ule ule. Hilo halina haja ya kusimuliwa, tunalijua wote wawili.

Ninachoshindwa kukimeza ni siku ya arobaini ya mama. Pilau halijapakuliwa, wajomba wameketi, ukasimama ukasema, "Huyu alinikalisha benchi maisha yangu yote." Shangazi alilishusha sinia taratibu, kama mtu aliyeishiwa nguvu mikononi. Ungenitukana barabarani ningeshasahau. Lakini siku ya mama, mbele ya wazee, na mimi ndiye niliyekesha naye hospitali wiki tatu!

Mtoto anaendeleaje na kile kikohozi? Mchemshieni tangawizi, msimzoeshe dawa za dukani.

Nirudi kwa Dong, kwa sababu yeye ndiye ushahidi wangu. Ametoka Dalian, China, mji wa bandari kama wetu. Dalian Shide wakamuuza United Januari 2004, Mchina wa kwanza kusajiliwa pale. Ikaja kuonekana kibali cha kazi hapati, kwa sababu hana mechi za kutosha za timu ya taifa. Wakampeleka kwa mkopo Antwerp, Ubelgiji, akakaa huko karibu miaka mitatu. Mwaka 2005 akaja Mkorea Park Ji-sung, akapita moja kwa moja akacheza. Dong akaja kuruhusiwa kuichezea United kuanzia Januari 2007, na kiangazi cha mwaka huo huo akaletwa Tevez. Rooney yupo, Ronaldo yupo, Saha yupo. Angepita wapi? Akapewa mechi ya Kombe la Ligi na Coventry, United wakafungwa 2-0 Old Trafford. Desemba akaingia kule Roma. Agosti 2008 wakaachana naye. Ligi kuu ya Uingereza alicheza mechi moja tu, mdogo wangu. Ndiyo hiyo tuliyoiona sisi.

Baada ya hapo akarudi Dalian, akaenda Legia Warsaw ya Poland, akaenda Portimonense kule Ureno, akaenda Mika ya Armenia, kisha Hunan, nyumbani China. Kila mahali muda mfupi.

Sasa niambie. Kama aliyesajiliwa na United aliishia hivyo, wewe wa majaribio ya siku mbili Dar es Salaam, bila hata nauli ya kurudia, ungeishia wapi? Mtihani wa kidato cha nne ulibaki wiki tatu. Baba hayupo. Mimi nilikuwa na miaka 24 na kibarua cha bandarini, na mama alikuwa akiniuliza kila jioni, "Mdogo wako atamaliza shule?" Ulimaliza. Leo una kazi, una nyumba yenye umeme. Kuna siku umeshinda njaa wewe?

Hoja hii nimeizungusha kichwani miaka mingi, na kila mara inakwama pale pale. Antwerp. Msimu wa 2005/06 alifunga mabao 18. Ilikuwa daraja la pili, sawa, lakini yale ni mabao 18 ya mtu ambaye mimi nimekuwa nikimwita mfano wa kupoteza muda. Halafu Olimpiki ya 2008, China na New Zealand, pale Shenyang, mkoa ule ule aliozaliwa. Wenyeji wako nyuma 1-0, zimebaki dakika chache, Dong akasawazisha. Bao pekee la wanaume wa China katika mashindano yale lilikuwa lake. Nilikupigia siku ile, ukasema umelala. Hukuwahi kulala mechi ya Dong.

Kwa hiyo nakuambia lile ambalo siku ya arobaini nililinyamazia. Ulimlaumu mama kwa zile njumu. Mama hakuzigusa. Nilizichukua mimi chini ya kitanda alfajiri ya safari, nikazifungia kabatini, ufunguo nikaenda nao kazini. Niliporudi ulikuwa umekaa kizingitini na begi lako, na basi lilishaondoka. Nilikupita nikaingia ndani. Mama alinikuta nazifunga na hakukuambia, kwa sababu nilimwomba asikuambie.

Jana nimezitoa. Nyeusi zile, mstari mweupe umekuwa rangi ya chai. Nimezipaka mafuta ya nazi, ngozi imelainika. Soli ya kushoto imeachia mbele, na kule nyuma limebaki jino moja. Fundi wa sokoni anasema zinashoneka. Sijampa. Ni zako, njoo uamue mwenyewe.

Kaka yako