Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: tuonyesheni na wanafunzi waliochujwa

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni mzazi tu, similiki shule wala sina chama, nina mtoto natafuta nafasi ya kidato cha kwanza praiveti na kichwa kinaniuma.

Mlipofanya vizuri nasema. Tangu Januari 2016 ada za sekondari za serikali zilifutwa, ile 20,000 ya kutwa na 70,000 ya bweni, na 2022 mkaongeza kidato cha tano na sita, hapo hakuna wa kubisha. Ila sisi tunaopeleka watoto praiveti msituone matajiri, wengi tunajibana, kikoba huku mkopo kule, maana shule ya kata ya jirani darasa limejaa mpaka mlangoni na mwalimu wa fizikia hakuna. Kuchagua ni haki yetu sawa, lakini tunachagua kwa kuangalia nini?

Zamani tulikuwa na ile listi ya shule kumi bora kwenye matokeo ya mitihani. Januari 2023 NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, wakaacha kuitangaza, kwamba ni kuzipigia promo shule na mazingira hayafanani. Mimi wala sikulia, ile listi ilikuwa na uongo wake. Ila mabango ya matangazo ya shule ndo yakachukua nafasi, picha za watoto wamevaa tai, divisheni wani tupu, na mzazi anakimbilia fomu.

Sasa hiyo wani tupu inapatikanaje? Soma fomu za kujiunga za baadhi ya hizi shule, kuna kipengele kwamba asiyefikisha wastani wa shule atakariri darasa au atafutiwa shule nyingine. Serikali mmeshakataza mara ngapi sijui, kipengele kipo palepale na mzazi unasaini, usiposaini nafasi anachukua mwenzio. Mtoto anachujwa kimyakimya kidato cha tatu, mtihani anaenda kufanyia kituo kingine, bango linabaki safi.

Na ushahidi mnao wenyewe. NECTA wanaweka matokeo ya kila shule mtandaoni, chukua kidato cha pili cha 2022 na cha nne cha 2024 shule ileile, hesabu watahiniwa, uone pengo. Nilifanya hivyo kwa shule moja niliyokuwa naitamani sana (jina silisemi), nikaifuta kwenye listi yangu usiku huohuo. Najua wapo waliohama na wazazi wao, wapo waliofeli cha pili wakarudia, ndo maana nataka mtueleze nyie badala ya mimi kubahatisha na simu, na yule bibi anayemsomesha mjukuu kwa hela ya korosho hizo hesabu atazifanya saa ngapi?

Ninachoomba ni mstari mmoja tu juu ya matokeo ya kila shule: walioanza kidato cha kwanza, waliohama, waliokariri, waliofanya mtihani. Kila mtoto ana namba ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, na uhamisho unapita humohumo, kwa hiyo msituambie takwimu hazipo. Na fomu za kujiunga zipite kwa wathibiti ubora wa shule, wale wakaguzi, kabla hazijachapwa, wakikuta kipengele cha wastani wakifute hapohapo, siyo kusubiri mzazi alalamike redioni wakati mtoto keshafungasha godoro.

Wenye shule wameshaanza kuuza fomu za intavyuu na hela yake hairudi hata mtoto akikosa, kwa hiyo mheshimiwa huo mstari tuuone kwenye matokeo yajayo ya kidato cha nne, usiingie kwenye mpango wa miaka mitano.