Nimepewa siri, na wazee wanataka jina

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni karani wa kanisa letu. Kila Jumapili nakaa mlangoni na daftari, natia alama kwenye majina ya waliofika. Tulilianzisha ili tujue nani anaumwa tukamwone. Siku hizi limekuwa kama daftari la mwalimu wa zamu.

Baraza la wazee limepitisha kwamba mshirika akikosa ibada nane mfululizo bila taarifa, jina lake lisomwe mbele ya watu, na asiporudi aondolewe kwenye huduma yake. Orodha ya kwanza natakiwa kuipeleka Jumamosi. Ina watu sita. Wawili wamehama, watatu wamenuna tu, hao wana mambo yao. Wa sita ndiye anayeninyima usingizi.

Ni baba mmoja wa kwaya. Nilikutana naye njiani, nikamtania kwamba ametukimbia. Hakucheka. Akanieleza kuwa mkewe ana ugonjwa wa akili na hawezi kuachwa peke yake, hata kwa muda wa ibada moja. Akaniomba nisimwambie mtu, kwa sababu mama yule anaogopa ataambiwa ana mapepo. Hofu hiyo si ya bure. Maneno hayo nimeyasikia humo humo kanisani, na zamani, Mungu anisamehe, niliyasema mimi mwenyewe juu ya mtu mwingine.

Barazani nilijaribu kumtetea bila kumtaja. Mzee mmoja akafungua Waebrania 10:25, tusiache kukusanyika pamoja. Nikamwomba aanzie mstari wa 24, unaotutaka tuangaliane na kuhimizana katika upendo. Akanijibu kwamba ajenda ni mahudhurio. Nikauliza katika hao sita ni yupi aliyetembelewa nyumbani. Hakuna.

Sisemi wazee wetu ni watu wabaya. Huyo aliyenijibu ndiye hukesha msibani wengine wakiwa wamelala. Wanaona viti vinazidi kuwa vitupu na wanaogopa, nami naogopa pia. Lakini mtu ambaye hujabisha hodi kwake kwa miezi miwili, unamsomaje jina madhabahuni?

Nikiliacha jina nje, daftari litanisuta, na nitakuwa nimewadanganya walioniamini. Nikiliandika, nitakuwa nimemtoa mtu aliyenifungulia moyo. Nimefikiria kumwona mchungaji faragha, ila yeye kila jambo hulirudisha barazani. Dada yangu anasema nirudi kwa yule baba, nimwombe ruhusa ya kusema neno moja tu, kwamba anauguza. Naogopa ataona nimetumwa, na hapo atakuwa hana tena hata mtu mmoja kanisani wa kumwamini.

Nimebaki na siku nne. Nianzie kwake, au niwaambie wazee kwamba orodha hiyo waandike wenyewe?

Karani