Usimlaumu muuza dawa bado

Chicago, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Za siku? Nisalimie mama na watoto. Mimi mzima, ila baridi imeshika kweli kweli. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, hasa pale unaposema mteja kakurudishia batiki ya bluu na nyeusi, eti nyeusi imepauka, inaelekea kahawia. Nawe ukaapa kuwa muuza dawa za kutilia rangi vitambaa kakuuzia takataka. Ngoja kidogo, nikupe kisa.

Alhamisi kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la hapa wakazi tuliingia bure. Nisikudanganye, nilifuata joto tu. Katika kuzungukazunguka nikajikuta mbele ya picha moja kubwa: tandaza doti mbili za khanga ukutani, ndiyo ukubwa wake. Watu wa Paris wametoka kupunga upepo Jumapili kwenye kisiwa cha La Grande Jatte, kando ya mto Seine. Wanawake na miavuli, magauni yamefurishwa nyuma, mmoja kafunga tumbili kwa kamba kama mbuzi. Wote wamekaa kimya kama wanasubiri kuitwa. Katikati kabisa kuna kitoto cha kike kimevaa nyeupe, nacho ndicho peke yake kinachokutazama usoni.

Nikasogea, nikasogea tena, mpaka mlinzi akakohoa. Shoga, ni nukta! Nukta tupu. Pale kwenye majani nilipodhani ni kijani, kuna kijani, njano, bluu, hata rangi ya chungwa, zimepangwa bega kwa bega bila kuvurugwa. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, jicho lako ndilo linalozichanganya.

Aliyechora anaitwa Georges Seurat. Aliianza mwaka 1884, akawa anakwenda kisiwani kuchora vijipicha vya majaribio, anarudi kuhangaika na picha yenyewe. Alipoionyesha Mei 1886 alikuwa na miaka 26. Wengine walicheka. Mimi nadhani walichekea subira yake.

Sasa sikiliza inayokuhusu. Ujanja huu mwingi Seurat aliusoma kwa mtu wa kazi yako, Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wafumaji walimlalamikia kwamba nyuzi zake nyeusi hazikolei zikiwekwa pamoja na bluu na zambarau. Akazipima, akazilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine. Hazikuwa na kasoro! Tatizo lilikuwa jirani. Rangi mbili zikikaa pamoja kila moja huisukuma mwenzake, na bluu huitia nyeusi kivuli cha machungwa, ndiyo ionekane imechakaa. Akayaandika yote hayo kwenye kitabu chake cha mwaka 1839. Hebu rudia malalamiko ya mteja wako, kisha uniambie.

Lakini hata Seurat dukani walimpata. Katika ile picha alitumia njano mpya yenye zinki, na haikupita miaka mingi ikaanza kugeuka kahawia. Mpaka leo yapo madoa kwenye majani ambayo yeye hakuyaweka. Mtu kazihesabu rangi nukta kwa nukta, halafu kopo moja linamsaliti. Uchungu huo sina haja ya kukueleza.

Maisha yake nayo aliyafunika. Aliishi na mwanamke aitwaye Madeleine Knobloch, wakapata mtoto wa kiume Februari 1890, na mama mzazi wa Seurat hajui lolote. Alimchora Madeleine akijipaka poda, na ukutani nyuma yake akajichora yeye mwenyewe. Baadaye akajifuta, akaweka chungu cha maua mahali pa uso wake. Wataalamu walikuja kumgundua kwa mashine za kuona chini ya rangi. Hapo nilimkasirikia, sikufichi. Mama yake alikuja kumjua mkwewe siku chache tu kabla ya msiba. Maana Seurat aliugua ghafla, akafariki tarehe 29 Machi 1891, ana miaka 31, na baada ya wiki mbili mtoto naye akamfuata. Picha yake ya mwisho, ya sarakasi, aliiacha haijakwisha.

Haya, turudi kwenye karai lako. Kile kitambaa usikichovye tena. Chukua karatasi nyeupe, itoboe tundu dogo, iweke juu ya nyeusi ili bluu yote ifichike. Tazama hapo tunduni, mchana, nje ya banda. Ikiwa bado ni kahawia, mfuate muuza dawa na mimi nitakusaidia kumtukana kwa simu. Ikiwa nyeusi ti, basi mwite mteja aje achungulie mwenyewe, na safari nyingine acha mstari mweupe wa nta kati ya hizo rangi mbili.

Nijibu mapema, na picha nitumie.

Shogayo wa huku kwenye theluji