Salamu za Krismasi kutoka Halifax

Wapendwa wote heri ya Krismasi! Tupo wazima, tunamshukuru Mungu, baridi tu ndo inatunyoosha. Hapa Halifax, Canada, kuna mzinga unapigwa kila siku saa sita mchana kule juu kwenye ngome ya Citadel, mgeni anaruka, mwenyeji anaangalia saa yake tu anaendelea na safari. Siku moja kwa mwaka haupigwi, ndo Krismasi.

Ila msimu wenyewe huku hauanzi na mapambo, unaanza na msiba. Tarehe 6 Desemba 1917 meli ya Kifaransa, Mont-Blanc, imejaa baruti, iligongana na meli ya Norway, Imo, pale bandari inapobana, ikashika moto, watu wakasogea madirishani kutazama, na saa tatu na dakika nne asubuhi ikalipuka. Karibu watu 2,000 walikufa, wengine kama 9,000 wakaumia, wengi macho, vile vioo vya madirisha viliwarukia usoni. Ng'ambo ya maji kulikuwa na kijiji cha Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa huku, Turtle Grove, kikafutika kabisa, na hicho hakitajwi sana. Kesho yake ikashuka theluji nzito juu ya vifusi.

Boston, kule Marekani, wakatuma treni ya madaktari na manesi usiku uleule. Mwaka uliofuata watu wa huku wakawapelekea mti wa Krismasi kushukuru, na tangu 1971 unaenda kila mwaka, mti mrefu kwelikweli, unakatwa, unafungwa juu ya lori, unawashwa taa pale kwenye bustani ya Boston Common. Mi hii naipenda kuliko mataa yote ya madukani, zaidi ya miaka mia na bado wanamkumbuka aliyewafaa kwa dhiki.

Lakini jamani mji huuhuu unaojua kushukuru ndo uliobomoa mtaa wa Africville. Watu weusi walikaa pale ukingoni mwa ghuba ya Bedford Basin zaidi ya miaka mia, kodi wanalipa, maji ya bomba hawapewi, jalala la mji likaletwa karibu na nyumba zao, halafu miaka ya 1960 wakahamishwa, wengine vyombo vyao vikapakiwa kwenye malori ya taka. Kanisa lao lilibomolewa 1967, tena usiku!! Mji uliomba radhi 2010, kanisa la mfano wa lile limejengwa palepale, sasa ni makumbusho, na kila Julai watu wa Africville wanarudi, wanakula pamoja, wajukuu wanaonyeshwa nyumba ya bibi ilikuwa wapi. Na weusi wa Nova Scotia, jimbo letu hili, wengine mababu zao wako huku tangu miaka ya 1780, kwa hiyo sisi tuliokuja juzi na begi moja tukajiona ndo wa kwanza kukanyaga theluji tupunguze maringo kidogo.

Basi, tarehe 25 pilau ipo, walio zamu hospitali na kwenye magodauni njooni hata saa nne usiku, sufuria halifunikwi. Mama na mashangazi huko Tanga, tutawapigia mapema maana mmetutangulia masaa saba, msilale. Na nyie wa Boston, mkipita pale kwenye mti wetu pigeni picha mtutumie, tuone kama wameuvalisha vizuri.