Kabla ya kufunga sanduku la mtoto: barua kwa wazazi wa Moshi mnaohamia Ujerumani

Wanangu wapendwa,

Shikamoo zenu nimezipokea zote, za ana kwa ana na za simu. Marahaba, mmoja mmoja.

Tangu Pasaka wamenijia wazazi watano hapa nyumbani Majengo. Wawili ni wauguzi waliopata kazi, mmoja anakwenda kusoma shahada ya uzamili, wengine wanawafuata wenzi wao. Wote safari yao ni Ujerumani, wote wana watoto wa miaka mitano hadi kumi, na wote wameniuliza jambo lilelile: "Mwalimu, tuwabebee watoto nini?" Najua wapo wengine ambao hawajapata nafasi ya kufika, kwa hiyo nawajibu kwa pamoja.

Nimefundisha shule za msingi mkoani kwetu kwa miaka 34, mingi yake darasa la kwanza na la pili. Baada ya kustaafu nimekaa kwa binti yangu Leipzig mara mbili, nikiwapeleka wajukuu shuleni asubuhi na kuwafuata mchana. Leipzig ipo jimbo la Sachsen. Ujerumani ina majimbo 16 na kila jimbo lina wizara yake ya elimu, kwa hiyo mengine mtayakuta tofauti kidogo huko mtakakofikia.

Naanza na sauti ya mtoto, kwa sababu hiyo niliiona ikikosekana kuliko koti.

Mjukuu wangu wa kiume aliingia darasa la pili akiwa na miaka saba. Mtoto wa adabu. Mkubwa akimsemesha, anainamisha macho. Akijua jibu, anasubiri atajwe jina. Akibanwa na haja, anajikaza mpaka kengele. Wiki ya tatu mama yake akaitwa shuleni, na mwalimu akamwambia kwa upole kwamba ampeleke akapimwe masikio. Masikio yalikuwa mazima. Mtoto alikuwa anafanya kile tulichomfundisha sisi, mimi na walimu wenzangu na nyinyi wazazi: kunyamaza mbele ya mkubwa. Binti yangu aliponisimulia kwenye simu nililala vibaya usiku ule, maana niliwakumbuka watoto wengi niliowaambia "kimya!" wakati walikuwa na la kusema.

Kule mtoto akinyamaza inaonekana hajui. Kuchangia darasani kunahesabiwa, ni sehemu kubwa ya alama, mtihani ni sehemu nyingine tu. Na kumtazama mwalimu machoni wakati anaongea ndiyo heshima yenyewe.

Hili linaanza hapahapa Moshi, leo. Mtumeni dukani kwa Mangi akaulize bei mwenyewe, adai chenji mwenyewe, na wewe baki nyumbani. Mezani akisema hapendi jambo, muulize kwa nini, na umsikilize mpaka amalize. Kisha mtafutie sentensi tano za Kijerumani azijue kama jina lake: sijaelewa, naomba urudie, naomba kwenda chooni, naumwa hapa, na acha sitaki. Hiyo ya mwisho aizoee kwa sauti kubwa. Watoto wenzake watataka kumshika nywele, wengi bila ubaya wowote, lakini nywele ni zake na anaruhusiwa kukataa.

Kiswahili msikiache. Nimewaona wazazi wanaojilazimisha kuongea Kijerumani cha kuungaunga nyumbani wakidhani wanamsaidia mtoto. Kijerumani atafundishwa na wenye nacho. Zipo shule zenye madarasa ya maandalizi kwa watoto wasiojua lugha, ulizeni mapema. Kwenu aje apumzike katika lugha anayoweza kulia nayo, kutania nayo na kuuliza nayo kwa nini mwezi umekatika. Na bibi na babu wa Kibosho au Marangu nao wana haki ya kumsikia kwenye simu.

Sasa hesabu. Hili sikuliona limesemwa popote, nililikuta kwenye meza ya jikoni mwezi wangu wa kwanza kule. Mjukuu alikuwa na madaftari ya imla ya namba. Ameandikiwa makosa ukurasa mzima: 42 palipotakiwa 24, 53 palipotakiwa 35. Huyu ni mtoto aliyekuwa akijumlisha kwa kichwa hapa Moshi akiwa darasa la awali. Nikamwambia anisomee kwa Kijerumani, anifafanulie neno kwa neno. Ndipo nikaelewa. Sisi tunataja makumi kwanza, ishirini na nne. Wao wanataja mamoja kwanza, nne na ishirini. Mtoto anasikia nne, anaandika nne. Tulichukua punje za maharage, makumi upande huu, mamoja upande ule, yeye anataja kwa Kijerumani na mikono inapanga kwa utaratibu. Siku nne tu, makosa yakaisha. Fanyeni mchezo huo kabla ya safari, maharage hamtakosa.

Saa nayo ina mtego wake. Kwanza mtoto wetu anahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, ile saa moja yetu kwao ni saba. Halafu Mjerumani akitaka kusema saa moja na nusu asubuhi, anasema "nusu ya nane", yaani yupo njiani kuelekea nane. Mtoto aliyeambiwa aje muda huo anaweza kuchelewa saa nzima bila kosa lake. Mnunulieni saa ya mkono yenye mishale na mzoezeeni kusema kwa namna zote mbili.

Na baba, ukiletewa ripoti yenye 1, usikunje uso. Kule 1 ni bora kabisa na 6 ni kufeli. Usiulize pia "umekuwa wa ngapi darasani," kwa sababu hawapangi watoto nafasi.

Kuhusu vifaa, sare hakuna kwenye shule nyingi za serikali. Mwalimu hutoa orodha ya vitu, msinunue madaftari hapa Moshi, mistari na ukubwa wake ni tofauti na kila darasa lina aina yake. Penseli zinatakiwa nzuri, na mkasi. Mkasi nausisitiza. Kabla ya darasa la kwanza mtoto hupimwa afya na utayari wake, na miongoni mwa yale wanayoyatazama ni namna anavyochora, anavyoruka kwa mguu mmoja na anavyotumia mikono. Watoto wetu wanajua kukata majani ya ng'ombe, lakini ukiwapa mkasi wa karatasi wanaushika kama koleo. Wiki mbili za kukata picha kwenye magazeti ya zamani zinatosha.

Kuna viatu vya ndani. Mtoto akifika shuleni anavua vya nje na kuvaa vyepesi vinavyokaa hukohuko. Kuna mfuko wa michezo. Kuna kisanduku cha chakula, mkate na tunda na karoti, soda na pipi hapana. Kila kitu kiandikwe jina, hata soksi, hata kifuniko cha chupa ya maji. Na kuna begi lenyewe la mgongoni, gumu kama sanduku, lenye vipande vinavyong'aa likimulikwa na taa za gari. Likiwa jipya ni zaidi ya euro 100, mara nyingi linapita 200. Mtashtuka. Lakini mwezi wa kumi na mbili jua la Leipzig linachomoza saa mbili asubuhi yetu na dakika zake, na mtoto anatembea kwenda shule gizani, kwa hiyo huko kung'aa kuna kazi. Tafuteni lililotumika, yapo mazuri.

Wenye mtoto anayeingia darasa la kwanza, sikilizeni hapa. Siku ya kupokelewa, ambayo Sachsen huwa Jumamosi, kila mtoto hushika mkononi koni kubwa ya karatasi ngumu, ndefu karibu kufika kifuani kwake, imejazwa pipi, rangi, na zawadi ndogondogo. Sachsen wanaiita Zuckertüte. Ni desturi ya miaka 200 na zaidi. Inaandaliwa na wazazi, wala hamtaikuta kwenye orodha ya mwalimu kwa sababu kwao nani asiyejua? Mimi nilikwenda Agosti kwa ajili ya siku hiyo ya mjukuu wa kike. Watoto wakapangwa kwenye ngazi kupigwa picha, kila mmoja amekumbatia koni yake, na katikati yao kuna mvulana mmoja, mgeni kama sisi, mikono ameiingiza mifukoni. Mama yake alikuwa karibu yangu. Alikuwa amemvalisha mwanawe shati jeupe lililopigwa pasi vizuri kuliko la mtoto yeyote pale. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mpaka leo nikikumbuka uso wa yule mama roho inaniuma, na ndiyo sababu nimeandika aya hii ndefu.

Baridi. Mnadhani mnaijua kwa sababu mmelala Kibosho mwezi wa saba. Ile ya kule inaingia kwenye vidole vya miguu na kukaa. Na mapumziko watoto wanatolewa nje kucheza hata theluji ikiwepo, kwa hiyo mtoto hatakuwa ndani siku nzima. Wenyewe wanasema uvae kama kitunguu, nguo juu ya nguo, nyepesi ndani na nzito nje, ili akiingia darasani apunguze. Nendeni soko la mitumba la Memorial, chagueni koti moja zuri, yale mazito ambayo wapagazi wa mlimani huyanunua pale, liwe la kuvaa siku ya kufika. Moja tu. Mengine mtayapata kule kwenye masoko yao ya nguo za watoto zilizotumika, kwa bei isiyouma, tena viatu vya theluji na suruali za plastiki za kuchezea matope ambazo hapa hampati. Kiatu kizidi mguu kwa upana wa kidole gumba, nafasi ya soksi nzito.

Lakini koti halimsaidii mtoto asiyejua kufunga zipu. Hakuna dada wa kumvalisha, na mwalimu ana watoto ishirini na kitu mlangoni. Kofia, skafu, glavu, zipu, kamba za viatu, afanye mwenyewe tangu sasa. Mafuta ya kupaka wekeni mengi, ngozi zetu zinakauka hadi kupasuka. Na muulizeni daktari wa huko kuhusu vitamini D, kwa sababu ngozi nyeusi inaipata kwa shida pale jua linapokuwa dogo.

Kuna kuogelea pia. Darasa la pili au la tatu wanafundishwa, ni somo, na wengi wanatafuta kwanza beji wanayoiita Seepferdchen: mtoto anaruka majini, anaogelea mita 25, anaokota kitu chini ya maji yanayomfika mabegani. Mabwawa yapo hapa mjini. Mkimzoeza tu kuzamisha uso bila hofu, mmempa nusu ya safari.

Karatasi nitazipitia haraka, lakini msizipuuze. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, kilichotafsiriwa na mtafsiri anayetambulika. Ripoti za shule za miaka yote. Kadi ya kliniki ibebwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe isiwe kwenye sanduku. Tangu Machi 2020 sheria yao inataka mtoto athibitishe kinga ya surua kabla ya kuingia shule, dozi mbili. Hapa kwetu hutolewa akiwa na miezi 9 na miezi 18. Fungueni kadi sasa hivi mtazame kama dozi ya pili imeandikwa na tarehe inasomeka. Ikiwa haipo, nendeni zahanati wiki hii. Na kama nyote wawili mtakuwa kazini mchana, ombeni mapema nafasi ya malezi ya baada ya vipindi, ile wanayoiita Hort.

Jambo lingine la mapema ni njia ya sekondari. Sachsen na majimbo mengi huamua mwishoni mwa darasa la nne, mtoto ana miaka kumi tu. Ukija naye akiwa na miaka tisa, nenda kazungumze na mwalimu mwezi uleule wa kufika, usisubiri ripoti.

Desemba najua itawauma. Sisi watu wa Kilimanjaro Desemba ni nyumbani, mabasi yanajaa, mbege iko tayari. Lakini kule kuhudhuria shule ni sheria. Kumtoa mtoto siku chache kabla ya likizo ili upate tiketi ya bei nafuu kunaweza kukuletea faini, na likizo ya Krismasi ni kama wiki mbili tu. Wazee huku nitawaelezea mimi, msiwe na hofu. Njooni likizo ya kiangazi, ni wiki sita hivi, tarehe hutegemea jimbo. Mtoto aonje baridi ya Julai ya kwetu na ndizi za bibi bila kuhesabu siku.

Na fimbo iacheni hapa. Tangu mwaka 2000 sheria ya Ujerumani inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, hata nyumbani kwake. Mimi niliishika fimbo miaka mingi. Nilipokaa nyuma ya darasa la mjukuu siku ya wazazi, nikamwona mwalimu kijana akiwatuliza watoto 24 kwa kuinua mkono na kungoja, nilijua kwamba mengi ya yale niliyopigia watoto yalihitaji kungojwa. Msingojee sheria iwafuate. Anzeni kuzoea sasa mkiwa kwenu, siku mtoto amewachosha, ili mkifika kule na uchovu wa kazi za usiku na lugha mpya mkono usiinuke.

Jumamosi zote mbili zijazo nipo nyumbani kuanzia saa nne asubuhi. Njooni na watoto. Mikasi ninayo sita, magazeti ya zamani yamejaa stoo, na jirani ameniazima koti la mlimani lenye zipu ngumu. Mje na kadi za kliniki nizitazame.

Mwalimu wenu mstaafu,
Majengo, Moshi